Mpira Unaopinda

Kwa Kiswahili mpira ni mpira tu. Mmea ule wa porini unaokwea miti na kutoa maziwa ukichanjwa, huo ni mpira. Maziwa yake yakiganda, mpira. Na lile donge la matambara na kamba ambalo sote tumelipiga teke pekupeku mpaka kucha zikang'oka, nalo ni mpira. Basi ndugu msomaji, usicheke ukiona kijana wa Masasi kashika kalamu eti aandike habari za gofu. Ni kweli huku hatuna kiwanja cha gofu, si Masasi wala Newala. Lakini kwenye suala la mpira sisi si wageni, na nitakuonyesha.

Ninachotaka kusimulia ni habari ya chaguo moja. Mchezaji wa gofu akisimama na fimbo yake, shimo liko mbali huko mbele, ana njia mbili za kulikaribia. Anaweza kuuanzisha mpira kushoto kidogo, ukafika juu ukarudi kulia taratibu kama mtu anayeingia nyumba ya wakwe. Hiyo huitwa fedi. Au anauanzisha kulia, nao unajikunja kuelekea kushoto. Hiyo ni droo (si droo ya Simba na Yanga, wala ile ya bahati nasibu!). Hapa nazungumzia mtu wa mkono wa kulia. Wewe wa mashoto geuza mwenyewe.

"Na ile ya kunyoosha moja kwa moja je?" Ndiyo swali la kila mtu, na jibu lake linashangaza. Mkwaju ulionyooka kabisa ndio mgumu kuliko yote, na mabingwa wengi hawautegemei. Fikiri hivi. Ukilenga katikati ya njia ya majani ukitaka kunyoosha, ukikosea unaweza kwenda kulia msituni au kushoto majini. Pande zote mbili zina adui. Lakini ukijua mpira wako daima hupinda kwenda kulia, unalenga ukingo wa kushoto. Ukipinda kama kawaida, upo katikati. Ukigoma kupinda, bado upo kwenye majani. Ukizidisha kidogo, bado upo. Umekwisha futa adui mmoja. Sasa unamwogopa mmoja tu, naye unamjua anakokaa.

Kila mmoja wa hawa wawili ana ndugu yake mhuni. Fedi ikizidi inakuwa slaisi, inapotelea kulia huko. Droo ikizidi inakuwa huki, inashuka kushoto kwa kasi na ikigusa ardhi haisimami. Na wana tabia tofauti hata wakiwa na adabu zao: fedi hupaa juu na kutua laini, haikimbii sana. Droo huruka chini zaidi na ikitua hukimbia, kwa hiyo huongeza umbali. Mwenye haraka hupenda droo. Mwenye hofu, au niseme mwenye hesabu, hupenda fedi.

Kupinda kwenyewe si uchawi. Mnakumbuka Roberto Carlos wa Brazili, Juni 1997, alivyowapiga Wafaransa ule mkwaju wa adhabu, mpira ukatoka nje kabisa ya nguzo halafu ukakumbuka ulichotumwa? Mpira unaozunguka unaisukuma hewa upande mmoja, na hewa nayo inalipiza kwa kuusukuma upande wa pili. Newton alikwisha liona jambo hili kwenye mchezo wa tenisi na akaliandika mwaka 1672. Miaka ya 1850 Mjerumani Gustav Magnus, aliyekuwa akichunguza kwa nini risasi za mizinga zinakwenda kombo, akalipima, na jina lake ndilo lililobaki kwenye vitabu vya fizikia. Kumbe vita na michezo ni majirani siku zote.

Lakini wacheza gofu hawakusubiri fizikia. Mwaka 1848 ulianza kutumika mpira wa utomvu wa guta, unaotoka kwenye miti ya Malaya. Ulikuwa laini, unang'aa, mzuri kwa macho. Ukiupiga unaanguka kama bata aliyepigwa jiwe! Wachezaji wakagundua kwamba mipira mikuukuu, iliyokwisha chubuliwa na fimbo, ndiyo inayoruka vizuri. Wakaanza kuikwaruza mipya makusudi. Baadaye Mwingereza William Taylor wa Leicester akafikia vile vishimo vidogo tunavyoviona leo juu ya mpira wa gofu, akavisajili mwaka 1905. Mwaka huohuo, huku kwetu, vita vya Maji Maji vilifika na misheni ya Masasi ikateketea. Sisemi kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Nasema tu kwamba dunia ilikuwa na kazi nyingi mwaka ule.

Kuna mtu mmoja wa zama hizo ambaye mimi, kama ningekuwa na karatasi za kutosha, ningemwandikia riwaya. Ni Profesa Peter Guthrie Tait wa Edinburgh. Mzee huyu alipenda gofu kuliko alivyoimudu, akaamua kuichunguza kisayansi. Alifunga utepe kwenye mpira, akaupiga, kisha akahesabu utepe umejisokota mara ngapi. Kwa njia hiyo ya kimaskini akaonyesha katika miaka ya 1890 kwamba kuzunguka ndiko kunakoubeba mpira hewani. Mwanawe Freddie hakuhitaji utepe wowote. Yeye alichukua ubingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Uingereza mwaka 1896 na tena 1898. Baba alijua kwa kalamu, mtoto kwa mikono. Vita vya Makaburu vikamwita Freddie Afrika Kusini, akauawa huko mwaka 1900. Baba yake akafuata mwaka uliofuata.

Sasa turudi kwenye mpira wetu. Kabla korosho haijawa mfalme wa uchumi wa huku, uwanda wa juu wa Makonde ulijulikana pwani kwa mpira wa porini. Wazee waliingia vichakani, wakachanja mimea, wakagandisha maziwa, wakayavingirisha kuwa madonge na kuyapeleka Lindi na Mikindani. Kutoka hapo yakaenda Unguja na Ulaya. Wajerumani walipotawala, mpira uliendelea kuwa miongoni mwa bidhaa kubwa za koloni lao, mpaka mashamba ya Asia yalipoangusha bei mwaka 1913.

Kilele cha biashara hiyo ndipo gofu ilipobadilika. Mwaka 1898, huko Akron, Marekani, Coburn Haskell na mwenzake Bertram Work wa kiwanda cha mipira walitengeneza mpira mpya wa gofu: nyuzi za mpira zilizovutwa na kuviringishwa mara nyingi juu ya kiini, kisha zikavikwa ganda. Mpira huo ulidunda! Mwaka 1902 Mskoti Sandy Herd aliutumia na kuchukua ubingwa wa wazi wa Uingereza, na mpira wa guta ukazikwa. Mzee aliyekuwa akichanja mmea kule Newala hakujua kwamba Wazungu wameanza kugombana kuhusu donge la nyuzi za mpira, kama ni halali mchezoni au si halali. Lakini soko lililomlipa, na lililomwacha bei ilipoanguka, ndilo soko hilohilo.

Na chaguo letu likabadilika pia. Bingwa mkubwa wa enzi za guta alikuwa Harry Vardon. Aliuchukua ubingwa wa Uingereza mara 6, mara ya mwisho 1914, rekodi ambayo haijavunjwa. Mkwaju wake ulisifika kwa kwenda juu na kutua laini, ukiegemea kulia kidogo. Mpira mpya ulikuwa na mbio. Hata mtu asiye na ufundi wa Vardon akiusukuma chini, ulijikimbilia wenyewe. Kila mpira mpya umekuwa ukibadilisha bei ya fedi na bei ya droo, kama vile msimu unavyobadilisha bei ya mbaazi.

Lakini waliolifanya chaguo hili kuwa hadithi ya kweli ni wawili, nao waliishi wakati mmoja.

Wa kwanza ni Bobby Locke wa Afrika Kusini, aliyezaliwa 1917. Huyu jamaa alipindisha kila kitu kwenda kushoto. Si droo ya kistaarabu, bwana; alisimama akaelekeza mgongo karibu na pale wenzake walipolenga, mpira unakwenda kulia watu wanaanza kuinama, kisha unarudi nyumbani. Hakujaribu kujirekebisha. Vita vya pili vya dunia alirusha ndege za kivita, akarudi kapinda vilevile. Mwaka 1947 alikwenda Marekani akawavunia mashindano yao mpaka wakakereka, na mwaka 1949 chama cha wachezaji wa kulipwa wa huko kikamfungia kwa muda. Yeye akaenda zake Uingereza, akachukua ubingwa wa wazi 1949, 1950, 1952 na 1957. Mara nne, kwa mpira uleule wa kujikunja.

Wa pili ni Ben Hogan wa Texas. Mdogo wa umbo, mtoto wa fundi wa chuma, alianza kwa kuwabebea wenye pesa fimbo zao. Naye mpira wake ulikuwa ukikimbilia kushoto, lakini yeye aliuchukia ugonjwa huo. Kwa miaka mingi huki ilimnyang'anya ushindi akiwa ameshaushika. Basi akajifungia na mazoezi mpaka viganja vikatoka damu, akabadilisha mshiko, akabadilisha kiwiko cha mkono (ile sehemu ya kifundo ndiyo ninayoisema), akageuza mwendo wa mpira wake mzima kuwa fedi. Februari 1949 gari lake likagongana na basi. Alijitupa mbele ya mkewe kumkinga, akavunjika nyonga na mifupa mingine kadhaa. Madaktari hawakuwa na hakika kama atatembea. Juni 1950 alichukua ubingwa wa wazi wa Marekani, miguu imefungwa bendeji. Mwaka 1953 akachukua mataji makubwa matatu katika mwaka mmoja.

Sasa nani alikuwa sahihi? Mmoja alikuta mkono wake umepinda akasema huu ndio mkono wangu, nitalenga kwa kuuhesabia. Mwingine alikuta mkono wake umepinda akaupindua upande wa pili kwa jasho. Walimu wetu wa insha walipenda kutuambia "nyoosha, nyoosha", na mimi hadi leo nikisoma mwanzo wa hadithi zetu vijana nauona ule unyofu wa kuogopa adhabu. Wala Locke wala Hogan hakunyoosha. Mimi moyo wangu uko kwa Locke. Nimewatazama wachonga mpingo wa Kimakonde: anayeijua kazi akipewa gogo lenye tege halirudishi porini. Analizungusha kwanza, anaangalia tege linataka kuwa bega au mgongo wa kikongwe. Lakini nikiwa mkweli, mwenye kugeuza tege likawa kinyume chake, kama Hogan, huyo naye sijui tumwite nani isipokuwa fundi.

Baada ya Hogan, fedi ikawa dini ya Wamarekani. Jack Nicklaus, mwenye mataji makubwa 18, mengi aliyapata kwa fedi yake ya juu. Lee Trevino, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko aliyekulia katika umaskini wa Dallas, alisema fedi unaweza kuongea nayo ikakuelewa, lakini huki haisikii la mtu. Trevino alichukua mataji makubwa 6. La Masters hakulipata kamwe. Kiwanja cha Augusta kinachofanyika mashindano hayo kina mashimo mengi yanayojikunja kwenda kushoto, yanamtaka mwenye droo, na yeye alisema wazi hakimfai. Kuna miaka aliyoalikwa akakataa kwenda. Wengine walisema anaringa. Mimi naona ni mtu aliyejua vizuri alichochagua, na bei yake.

Hapa pana kichekesho kimoja. Kwa miongo mingi vitabu vya gofu, hata vilivyoandikwa na mabingwa wenyewe, vilifundisha kwamba mpira huanza kwenda kule fimbo inakopita, kisha hupinda kuelekea kule uso wa fimbo unakotazama. Wanafunzi wakafuata, mipira ikaingia majini. Mwaka 1994 mwanafizikia Theodore Jorgensen alichapisha kitabu kilichoeleza vingine, na baada ya mwaka 2000 rada za kufuatilia mpira zikamaliza ubishi: mpira huanza kwa sehemu kubwa kule uso wa fimbo unakotazama, na hupinda kwa sababu uso huo na njia ya fimbo havikukubaliana. Ukitaka droo, uso uangalie kulia kidogo mwa shimo, na fimbo ipite kulia zaidi ya hapo. Kwa hiyo mabingwa walikuwa wakifanya jambo moja na kuandika jingine! Mikono ilijua, ulimi ukapotosha. Nawaambia wenzangu mnaotaka kuandika: msimwamini sana mwandishi anapoeleza ameandikaje. Msomeni kazi yake.

Ipo pia habari ya mtu ambaye hakupewa nafasi ya kufundishwa vizuri wala vibaya. Sewsunker Sewgolum, waliyemwita Papwa, alikuwa Mhindi wa Durban aliyebeba fimbo za wazungu tangu utotoni. Alijifunza mwenyewe, na mshiko wake ulikuwa kinyume: mkono wa kushoto chini, wa kulia juu. Mwalimu yeyote angemchapa. Kwa mshiko huo alichukua ubingwa wa wazi wa Uholanzi mwaka 1959, 1960 na 1964. Kwao Afrika Kusini, mwaka 1963, alishinda mashindano ya wazi ya Natal mbele ya wazungu. Mvua ikanyesha wakati wa kutoa zawadi. Wazungu waliingia ndani ya jengo la klabu. Papwa, kwa kuwa sheria za ubaguzi zilimfungia mlango, akakabidhiwa kikombe chake nje, kwenye mvua.

Mwaka ule Askofu wa Masasi alikuwa Trevor Huddleston, aliyeipigania Sophiatown kule Johannesburg mpaka shirika lake likamrudisha Uingereza mwaka 1956. Alikuwa Masasi tangu 1960 hadi 1968. Kwa hiyo wazee wetu waliosali chini yake walisikia habari za nchi ile kutoka kwa aliyeziona. Picha ya Papwa kwenye mvua ilizunguka dunia na ikawa moja ya hoja za kuitenga Afrika Kusini michezoni. Mwaka 1965 alishinda Natal tena, safari hii akimwacha Gary Player nyuma. Kisha serikali ikamfungia mashindano na kumnyang'anya pasi ya kusafiria. Locke alifungiwa na chama, akapanda meli kwenda kushinda kwingine. Papwa alifungiwa na nchi. Alifariki mwaka 1978.

Mwaka huohuo wa 1978, Kenya Open ilichezwa Muthaiga, Nairobi. Mashindano hayo yalianza 1967. Mshindi alikuwa kijana Mhispania wa miaka 20, Severiano Ballesteros, naye mtoto wa mkulima na mbeba fimbo wa zamani. Utotoni alijifunzia ufukweni akiwa na fimbo moja tu, namba 3. Ukiwa na fimbo moja huna jinsi: upindishe kulia, upindishe kushoto, uupandishe, ushuke, yote kwa chuma kilekile. Wenzake walichagua fedi au droo wakaishi nayo. Yeye alizibeba zote mfukoni. Nairobi ina hewa nyepesi, iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mpira huko huenda mbali zaidi na kupinda kidogo kuliko pwani. Wabeba fimbo wa Muthaiga wamekuwa wakilijua hilo siku zote, bila rada.

Nyuzi za mpira zenyewe zimekwisha. Mwaka 2000 ulitoka mpira mpya usio na nyuzi, wenye kiini kigumu cha kutengenezwa kiwandani, na katika miaka michache ule wa kuviringishwa ukatoweka mashindanoni. Huu wa sasa hauzunguki sana upande upande, hivyo haupindi kama wa zamani. Mchezaji wa leo anayetaka mkunjo wa Bobby Locke inambidi aukate kwa makusudi zaidi, na wengi hawajisumbui. Wanachagua fedi ndogo, wanaupiga kwa nguvu zote, wanaufuata.